Godoro la Shangazi

Godoro lilikuwa bado limevaa nailoni upande wa miguuni, kwa sababu Seluvaia hakuwa mtu wa kuvua kitu nailoni kabla wageni hawajakiona. Lilikuwa kubwa, nene, na lilipowekwa chumbani mlango haukufunguka tena vizuri. Ilibidi mtu aingie ubavu ubavu. Mumewe Semisi, aliyeumia mgongo kwenye kazi ya zege, alilala juu yake huku akitabasamu peke yake. Kabla ya hapo alikuwa akilala sebuleni, chini, juu ya mkeka, na kila alfajiri nyumba nzima ilimsikia akijiinua kwa kushika mguu wa meza.

"Umelinunua bei gani?" Kalolaine alimuuliza shangazi yake siku lilipoletwa.

"Limeshuka bei," Seluvaia alijibu. "Na mtoto hamuulizi shangazi yake bei."

Mazungumzo yakaishia hapo. Kwetu sisi Watonga wa visiwa vya Pasifiki, iwe kisiwani Vava'u au hapa West Valley, Marekani, penye theluji na barabara pana, mtoto habishani na shangazi. Baba unaweza kumzunguka, mama unaweza kumbembeleza, lakini dada wa baba akisema, limesemwa. Ana haki ya kwanza juu ya kila kilicho cha watoto wa kaka yake. Kwenye sherehe ndiye anayekalishwa juu ya mikeka mizuri kuliko yote, keki ya juu kabisa ni yake, na akilipenda shati ulilovaa unalivua unampa. Mwenye cheo hicho tunamwita fahu. Seluvaia alikuwa fahu wa Kalolaine tangu msichana huyo hajazaliwa, na kazi hiyo hakuwahi kuilalamikia.

Kalolaine aliletwa Marekani na mpira wa wavu. Chuo kilimlipia masomo, akakaa kwa shangazi yake, akawa mchezaji ambaye watoto wa shule walipanga foleni kumwomba sahihi. Ila viza yake ilikuwa ya masomo tu. Wenzake waliozaliwa hapa walilipwa majina yao yakitumika kwenye matangazo. Mmoja picha yake ilibandikwa ubavuni mwa mabasi, anacheka kwa ajili ya daktari wa meno. Hata Maikolo, mtoto wa Seluvaia mwenyewe, aliyekuwa kwenye timu ya futiboli ya chuo hicho hicho na kazi yake kubwa ilikuwa kupasha moto benchi, alikuwa amepewa pikapu mpya yenye jina la wauza magari mlangoni. Kalolaine aliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba asichukue hela ya tangazo, asichukue zawadi ya tangazo, asichukue hata soksi. Akichukua amefanya kazi, na akifanya kazi viza imekufa.

Kwa hiyo Bwana Dell Rasband alipomngojea nje ya uwanja siku moja baada ya mechi, na kumwambia anataka sura yake kwenye maduka yake ya magodoro, alikataa. Alikataa kwa adabu, tena kwa Kitonga, maana Rasband alipokuwa kijana alipelekwa kwetu visiwani kuhubiri, na Kitonga chake kilikuwa kizuri kuliko cha Maikolo. Nyumbani Kalolaine aliisimulia habari hiyo mezani. Semisi alisikitika, Maikolo akacheka akiwa koridoni. Seluvaia hakusema kitu, akaendelea kula. Mtu anayemjua Seluvaia angeshtuka papo hapo.

*

Mwezi huo kanisa lilifanya tamasha la kuchangia sadaka ya mwaka. Kalolaine aliombwa acheze, na msichana wa Kitonga akiombwa kuchezea kanisa hakatai. Walimpaka mafuta ya nazi mabegani na mikononi mpaka akang'aa, wakamfunga manyoya kichwani, akasimama katikati ya ukumbi, magoti pamoja, mikono ikisema na macho yakicheka. Watu wakaanza kumtunza. Walikuja mmoja mmoja na noti zao, wakazibandika kwenye mafuta, zikaganda begani, kifuani, mkononi. Zikidondoka, watoto waliziokota na kuzitia kwenye kapu la kanisa. Hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Rasband naye alikuja. Alikuwa amevaa tai, na juu ya suruali amejifunga mkeka kiunoni kama inavyotakiwa, akapita katikati ya ukumbi akicheza kidogo, akabandika noti kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, mpaka mkono mzima wa Kalolaine ukawa kijani. Ukumbi ukalipuka. Binti yake Rasband alikuwa pembeni na simu, anarekodi.

Kipaza sauti kilikuwa mikononi mwa Seluvaia, mwongoza sherehe. Sasa hapa lazima mtu aelewe. Kwetu kupokea kitu kizito na kukaa kimya ni ushamba mbaya, ni kama kumtemea mtoaji mate. Zawadi hutajwa, aliyeitoa hutajwa, tena kwa sauti, mbele ya watu. Seluvaia alikuwa na deni la shukrani lililokuwa likimwasha kooni tangu godoro lilipoingia nyumbani, na hapo aliyemletea alikuwa amesimama mbele yake.

"Bwana Rasband," alisema, "kanisa linakushukuru kwa noti zako. Na mimi nakushukuru kwa godoro. Mume wangu sasa analala. Na mtoto wangu huyu mnayemwona, nyumba yetu ikilala naye analala, ndiyo maana akiruka pale wavuni hashuki upesi. Anayeumwa mgongo aende kwa Rasband."

Watu walicheka mpaka wengine wakajipiga mapaja. Kalolaine aliyasikia yote. Mchezaji wa ngoma ile hatakiwi kupoteza tabasamu hata paa likianguka, na yeye hakulipoteza. Mikono iliendelea, shingo ikaendelea. Ila mguu ulikosa pigo moja la gitaa, na vikongwe waliokaa mbele wakatazamana.

Usiku huo hakuuliza kitu. Alioga, akayasugua mafuta mpaka yakatoka, akalala. Asubuhi yake video ilikuwa tayari kwenye ukurasa wa maduka ya Rasband, na chini yake wameandika kwa Kiingereza: Nyota wa wavu analala kwetu. Wewe je?

*

Ofisini kwa chuo palikuwa na mama mmoja, Bi Corinne Brandt, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha wanamichezo hawavunji kanuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bakuli la pipi mezani, akamsogezea Kalolaine, na Kalolaine aliogopa hata kuigusa pipi.

Noti, Bi Brandt alisema, zimeeleweka. Mchungaji amekwisha thibitisha kwamba zimekwenda kanisani. Linalomsumbua ni godoro. Alikuwa ameshatafutiwa mtu wa kumtafsiria maneno ya kwenye kipaza sauti, na godoro limo, na jina la duka limo, na mtoto anayeruka wavuni yumo. Kama godoro lile lilitolewa kwa ajili ya jina la Kalolaine, hayo ni malipo. Ikiwa ni malipo, itabidi awaandikie wanaoshughulikia wanafunzi wa kigeni, na wao watakifuta kibali chake, na hapo hakuna aliye chuoni anayeweza kufanya lolote. Kwanza angemsikiliza Rasband, halafu huyo shangazi. Mpaka hapo Kalolaine asicheze.

"Ulijua lilikotoka?" Bi Brandt aliuliza.

"Sikujua."

"Hukuuliza?"

Kalolaine alitazama mikono yake. Atamwelezaje mtu huyu?

"Niliuliza bei," alisema.

*

Alipofika nyumbani alimkuta shangazi yake jikoni anamenya magimbi. Alikaa chini sakafuni, kwa sababu mtoto hasimami juu ya kichwa cha shangazi, akaeleza alichoambiwa bila kupandisha sauti. Semisi alikuwa akisikiliza kutoka kitandani, mlango ukiwa nusu wazi kama kawaida yake. Maikolo alikuwa koridoni nyuma ya ukuta. Kaka na dada kwetu hawakai kwenye chumba kimoja, na binamu ni kaka, kwa hiyo yeye na Kalolaine walikuwa wameishi nyumba moja miaka yote hiyo wakizungumza kupitia kuta.

Seluvaia aliendelea kumenya. Alimaliza gimbi moja, akalitia majini, akachukua jingine.

"Nilikwenda mwenyewe dukani kwake," alisema mwishowe. "Nikamwambia mimi ni shangazi yako. Akainuka kutoka kwenye kiti chake, akainama kabisa. Hawa Wazungu wengine hata salamu hawakupi, yeye akainama. Nikamwambia, mtoto amekataa, mimi sijakataa. Mume wangu analala chini kama mzigo. Kesho yake likaletwa."

"Shangazi," Kalolaine alisema, "mimi nilisema hapana."

Ni maneno machache, lakini jikoni mle hayajawahi kusemwa makali kuliko hayo. Kisu kilisimama. Semisi kule chumbani alikohoa. Kalolaine aliinamisha kichwa kwa aibu ya alichokisema, na hasira yake ikabaki pale pale ilipokuwa.

"Wee," Seluvaia alisema taratibu. "Kilicho chako ni changu. Wewe na jina lako. Nimekosa nini?"

Kwa mila hakukosa kitu, na hilo ndilo lililowanyima wote pumzi.

"Waambieni ni langu," sauti ya Maikolo ilitoka ukutani. "Mimi naruhusiwa. Semeni Rasband alilitoa kwa jina langu."

"Jina lako," Semisi alisema kutoka kitandani, "nani alinunue? Hata mimi baba yako sijawahi kukuona ukicheza."

Wangecheka siku nyingine. Kisha ikasikika kishindo. Semisi alikuwa amejiviringisha kutoka kwenye godoro mpaka sakafuni, akaguna kwa maumivu, na Seluvaia alipokimbia kumwinua alimzuia kwa mkono.

"Nipe mkeka wangu," alisema. "Silali juu ya viza ya mtoto."

Jioni baba yake Kalolaine, Penisoni, alipiga simu kutoka Vava'u. Habari zilikuwa zimeshafika, na kule alikokuwa akilima vanila kila mtu alimtazama njiani. Angekuwa baba mwingine angempigia kelele dada yake. Penisoni aliuliza kama theluji imeanza, akauliza kama mtoto anakula, akamtakia dada yake baraka, akakata. Kaka hamkemei dada. Seluvaia alibaki ameshika simu, na nadhani ni hapo, katika ule upole wa kaka yake, ndipo woga ulipomwingia.

*

Rasband alikuja mwenyewe, amebeba katoni ya soda na mfuko wa mikate mitamu. Alivua viatu mlangoni, akakaa chini amekunja miguu kama sisi, akawaamkia kwa Kitonga cha heshima mpaka Semisi, aliyelala mkekani, akalazimika kujibu kwa heshima ile ile. Uso wake ulikuwa umemshuka. Video alikwisha iondoa, alisema, lakini watu wengi walikuwa wameshaiona.

"Mama, nisamehe," alimwambia Seluvaia. "Nilifurahi sana siku ile. Lakini msiwe na wasiwasi. Nimekwenda chuoni asubuhi, nimewaeleza kila kitu."

"Umewaeleza nini?" Kalolaine aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Ukweli. Kwamba sikumrubuni mtu wala sikupita mlango wa nyuma. Nimewaambia nimeishi kwenu, najua taratibu. Kwa Watonga neno la shangazi ndilo neno la mtoto. Nikawaambia shangazi alikubali kwa niaba yake, kwa hiyo makubaliano yalikuwa halali kabisa, hakuna aliyedanganywa."

Seluvaia alikuwa ameanza kunyoosha shingo kwa fahari. Si kila siku Mzungu anakwenda ofisini kueleza cheo chako. Halafu akamtazama Kalolaine, akamwona amefumba macho.

"Bwana Rasband," Semisi alisema kutoka mkekani, "umemfunga kamba mtoto."

"Mimi?"

"Ofisi inatafuta kama alikubali. Wewe umewaambia alikubali. Umewaambia mdomo wa mke wangu ni mdomo wake."

Masikio ya Rasband yalikuwa mekundu. Alisema hawezi kurudi kule akasema jingine, maana hilo alilosema ni kweli, na wao wanajua ni kweli. Semisi alikubali kwamba ni kweli. Mtu yule alitupenda, kwa hilo simlaumu. Alizijua mila zetu kiasi cha kutuponza.

Alipoondoka, soda zilibaki sakafuni. Hakuna aliyezigusa. Seluvaia alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, na hakuna aliyemwomba chochote. Hata Kalolaine, ambaye maisha yake yalikuwa yananing'inia pale, hakumwomba. Njia ya kumwokoa ilikuwa moja na kila mtu ndani ya nyumba ile ndogo aliiona, lakini kumwomba shangazi apite njia hiyo ni jambo ambalo mdomo wa mtoto hauwezi kulitamka. Ilibidi aione mwenyewe. Kalolaine alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

*

Siku ya kwenda ofisini Seluvaia alitoka chumbani amevaa nguo nyeusi, na juu yake amejifunga mkeka. Si ule wake mzuri wa harusi uliofumwa kwa nyuzi laini. Alikuwa amejifunga mkeka mkubwa uliochakaa, umechanika pembeni, unaomfika karibu kifuani, ule unaovaliwa msibani na watu wa chini wanaobaki nyuma kuchochea moto na kupika. Shangazi havai mkeka huo mbele ya mtoto wa kaka yake. Ni afadhali atembee bila viatu kwenye theluji.

Kalolaine aliuona, akashika kitasa cha mlango.

"Shangazi, badilisha," alisema.

"Twende, tutachelewa," Seluvaia alijibu.

Bi Brandt aliuona mkeka, akatabasamu, akausifu. Alisema ni mzuri sana. Seluvaia alimshukuru. Walikaa wote watatu, na bakuli la pipi katikati.

Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Jina, kazi, uhusiano. Seluvaia alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikunja shuka. Ndiyo, alikwenda dukani. Ndiyo, mwenyewe. Hapana, mtoto hakutumwa wala hakuambiwa. Kisha Bi Brandt akageuza ukurasa.

"Bwana Rasband ametueleza kwamba katika utamaduni wenu dada wa baba ana mamlaka juu ya mtoto. Kwamba ukisema wewe, ni kama amesema yeye. Ni kweli?"

Nje ya dirisha wanafunzi walikuwa wakipita na vikombe vya kahawa. Seluvaia aliwatazama. Mikono yake ilikuwa juu ya ule mkeka mchakavu, inauchambua nyuzi. Kalolaine aliisikia saa ya ukutani. Alitamani shangazi yake aseme, na alitamani asiseme, na ukweli ni kwamba alitamani zaidi aseme, na aibu ya kutamani hivyo haijamwisha hadi leo.

"Si kweli," Seluvaia alisema.

"Huna mamlaka yoyote?"

"Sina. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, anakaa kwangu kwa sababu hana pengine pa kukaa. Sina haki juu yake. Rasband aliishi kwetu siku kidogo akasikia hadithi. Mimi nilikwenda kwa tamaa yangu. Nilitumia jina ambalo si langu kujipatia kitu." Akamtazama Bi Brandt. "Mtu anayeuza kisicho chake, kwa lugha yenu mnamwitaje?"

Bi Brandt alisema haikuwa lazima kutumia neno kama hilo.

"Andika," Seluvaia alisema. "Andika mwizi. Usiache nafasi."

Kalamu iliandika. Halafu Bi Brandt akamgeukia Kalolaine, kwa upole, kama mtu anayefunga jambo dogo lililobaki.

"Na wewe unakubaliana na maelezo haya? Kwamba shangazi yako hana haki ya kusema kwa niaba yako?"

Hili hawakulifikiria. Walidhani aliyetakiwa kujishusha ni mmoja. Kalolaine alimtazama shangazi yake apate ruhusa, kama alivyozoea kupata ruhusa kwa kila kitu, na Seluvaia hakumpa macho. Alikuwa amekaza macho kwenye pipi.

"Ndiyo," Kalolaine alisema.

"Ndiyo, hana?"

"Hana haki juu yangu."

Seluvaia aliitikia kwa kichwa mara moja, vizuri, kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi. Alipoegesha gari nyumbani alibaki ameshika usukani, akasema ule mkeka ulikuwa wa mama yake, na kwamba una vumbi sana, na kwamba vumbi hilo ndilo linalomtoa machozi.

*

Godoro lilirudishwa dukani ndani ya pikapu ya Maikolo, likiwa limefungwa kamba, nailoni yake upande wa miguuni, na jina la wauza magari mlangoni likimetameta kwa kila aliyepita. Ofisi ilimaliza shauri. Ilionekana mwanafunzi hakukubali chochote wala hakupokea chochote, na ndugu aliyepokea hakuwa na mamlaka. Kalolaine akaruhusiwa kucheza. Ila Bi Brandt alimuonya kwamba faili halitupwi, na kwamba kikitokea kitu kitakachoonyesha maelezo yale hayakuwa ya kweli, litafunguliwa upya. Picha, alisema. Video. Watu wengi wanakufuatilia, uwe mwangalifu.

Kwa hiyo ilipofika siku ya Kalolaine kutimiza miaka ishirini na mmoja, ambayo kwetu ni kubwa kama harusi, ukumbi wa kanisa ulijaa watu na simu zao. Kulikuwa na nguruwe wa kuchoma, kulikuwa na nyama ya kopo iliyopikwa kwa tui ndani ya majani ya magimbi, kulikuwa na keki ya ghorofa tano. Mikeka mizuri ilitandikwa mbele kabisa, mmoja juu ya mwingine. Mahali pa fahu. Na juu ya mikeka hiyo hapakuwa na mtu.

Watu walinong'ona. Wengine walisema Seluvaia anaumwa, wengine walisema wamegombana, wengine waliokuwa wamesikia za ofisini walisema amemkana mtoto wa kaka yake kwa Wazungu, na msichana naye amemkana shangazi, na hakuna aibu kama hiyo. Mama mmoja alijitolea kukaa pale ili picha zisiharibike. Semisi, aliyekuja na mto wa kuegemezea mgongo, alimtazama mpaka akarudi alikotoka.

Seluvaia alikuwa jikoni, nyuma ya ukumbi, na wanawake wa zamu. Amefunga aproni ya plastiki, mikono imezama kwenye sinki hadi viwikoni. Wenzake walikuwa wamemwambia aache, akawaambia sufuria haziwezi kujiosha. Kutoka ukumbini alisikia maombi, akasikia hotuba ya mchungaji, akasikia kicheko cha Maikolo kikitoka mbali, upande wa pili na alipo Kalolaine, dada yake. Akasikia wanakata keki. Keki ya juu kabisa ya mtoto huyu alikuwa ameingojea tangu alipozaliwa.

Mlango ulifunguliwa. Wale wanawake wengine walitazama, wakashika sahani walizokuwa nazo, wakatoka mmoja mmoja kwenda kutafuta kazi pengine.

Kalolaine alikuwa amevaa nguo zake za sherehe, mkeka mwembamba wa thamani kiunoni, shada shingoni, na mikononi amebeba ile keki ya juu, nzima, haijaguswa kisu. Nyuma yake ukumbi ulikuwa unapiga kelele na simu zimeinuliwa. Alipiga magoti kwenye sakafu ile iliyolowa, yenye maganda ya magimbi, mpaka kichwa chake kikawa chini ya mkono wa shangazi yake, akaiinua sahani kwa mikono miwili.

Seluvaia aliitazama keki. Alimtazama mtoto. Akajifuta mikono kwenye aproni, mmoja, kisha wa pili, akaikaza shingo yake ikarudi ilivyokuwa zamani.

"Funga mlango kwanza," alisema.